Mlezi Wetu na Vipande vya Kanga

Ukimsifia mtoto mbele yake alikasirika. Ukimwambia, "Bibi, huyu wa leo mzuri," atakutazama mpaka uone haya, kisha atasema, "Mzuri kitu gani? Ana makamasi." Hakuwa na mazoea ya kumbembeleza mtu, mkubwa wala mdogo. Na huyu ndiye tuliyemkabidhi watoto wetu, wanawake wa upande wetu wa Kibiti, kila asubuhi ya Mungu, tukaenda zetu kazini.

Tulimwita Mlezi. Jina lake analo, lakini kwa miaka yote ile sikupata kulitamka, na sitaanza leo. Alikuwa mwanamke wa bondeni, katika wale waliolima mpunga kandokando ya Rufiji, upande wa Ndundu, mpaka mafuriko yakawachosha wakapanda huku juu kwenye lami. Mfupi, mweusi tii, miguu mipana ya mtu aliyekanyaga tope tangu utotoni. Akiketi kwenye kigoda chake pale barazani usingemwona anainuka ovyo. Hata simu ikiita ndani, aliiacha iite mpaka ichoke yenyewe.

Nyumba yake ilikuwa ya bati, yenye baraza refu la nguzo za miti, na mbele yake hatua chache tu ndiyo barabara kuu iendayo Lindi na Mtwara. Malori yanapita pale mchana kutwa. Wageni walikuwa wanashangaa, watoto wanalelewaje kwenye nyumba kama ile. Mimi nilikuwa mgeni, nikashangaa, kisha nikampeleka wa kwangu, Tatu.

Ningefanyaje? Mama yangu yuko kwetu milimani, Umatumbini, na ana wajukuu wengine wanaomning'inia shingoni. Baba Tatu ni utingo wa lori, nyumbani anakuja kama mgeni wa harusi, anakula, analala, kesho hayupo. Nami nilikuwa nimepata kazi kwenye kiwanda kidogo cha kubangua korosho. Aliyewahi kubangua anajua: ganda la korosho lina mafuta yanayounguza. Sisi wakubwa tunapaka majivu mikononi na bado ngozi inabambuka. Msimamizi hataki kuona mtoto pale, na kwa hilo simlaumu.

Basi Tatu alipoanza kutambaa nikamfunga mgongoni, nikaenda kupiga hodi kwa Mlezi. Akamtazama mtoto, akamfunua mdomo akaangalia ufizi, akamgeuza akamtazama mgongo. Aliponiuliza nafanya kazi gani nikamwambia. "Haya," akasema, "Korosho karibu." Na kuanzia siku hiyo mwanangu akawa Korosho. Ndivyo alivyowaita wote, kwa kazi za mama zao. Mtoto wa muuguzi alikuwa Sindano. Wa mama lishe wa pale stendi alikuwa Maandazi. Kulikuwa na mmoja mama yake anashona nguo, yule alimwita Cherehani, na mtoto mwenyewe kweli alikuwa hanyamazi.

Alizungumza nao kama wazee wenzake. Hakuwaimbia. Hakuwa na mdoli wala mpira pale kwake, alisema vitu hivyo vinaleta ugomvi. "Bwana Sindano, nakuomba sana, usinikojolee mkeka." "Bibi Maandazi, mwenzio naye ana tumbo, mwachie uji." Uji wenyewe ulikuwa wa sembe, mzito, bila sukari, kwa sababu sukari kwa maoni yake inawapa watoto wazimu. Lakini ulikuwa msafi. Masufuria yake aliyasugua kwa mchanga mpaka unaweza kujitazama, na yeye mwenyewe alikula mwisho, kile kilichobaki, na siku nyingine kilikuwa hakibaki.

Alikuwa na sharti moja lililonikosesha raha. Mama haingii barazani. Unamkabidhi mtoto pale kwenye kipago cha kwanza cha ngazi, unageuka, unakwenda. "Mama akiingia," alisema, "akitoka anatoka na roho ya mtoto. Miye nabaki na kilio." Jioni ukija unawakuta wameoshwa, wamepakwa mafuta, wamekaa mstari mmoja kwenye mkeka wanasubiri wenyewe. Unampokea wako palepale kwenye ngazi. Ukimuuliza Mlezi ameshindaje, anajibu, "Ameshinda." Ukimuuliza amecheza, anakuuliza wewe, "Wewe umecheza leo?"

Nilichotaka mimi kilikuwa kitu kimoja tu, nijue mwanangu anaishije saa zile ambazo sipo. Hilo si jambo kubwa. Mtu anayeacha mbuzi kwa jirani anauliza na anajibiwa. Mimi niliacha mtoto na nikajibiwa "Ameshinda."

Halafu nikaiona ile alama. Nilikuwa namwogesha Tatu, nikaona kiunoni mstari umezunguka, hafifu, ngozi imelainika kama sehemu iliyosuguliwa. Nikasema ni mpira wa chupi. Nikambadilishia chupi. Mstari ukabaki.

Siku moja korosho mbichi zilituishia, tukaruhusiwa kabla ya adhuhuri. Sikupita barabarani. Nikapita nyuma, kwenye migomba ya jirani, nikatokea ubavuni mwa baraza. Watoto wote waliokuwa wanatambaa na wale waliokuwa wanaanza kusimama walikuwa wamefungwa. Kila mmoja ana kipande cha kanga kiunoni, na ncha ya pili iko kwenye nguzo. Mlezi yuko katikati yao kwenye kigoda, ungo mapajani, anachambua mchele, na kila akitoa chuya anainua macho anawapitia wote. Tatu alikuwa amefika mwisho wa kipande chake. Mbele yake kulikuwa na kifuniko cha sufuria, amenyoosha mkono na hakifikii. Hakuwa analia. Hilo la kutolia ndilo lililonichoma.

Nilisahau salamu, mimi niliyefundishwa adabu. Nikamwambia, "Bibi, mwanangu ni mbuzi?"

Hakushtuka. Akatoa chuya nyingine. "Ungeniletea mbuzi ningemwachia," akasema. "Mbuzi anaijua barabara."

Nikaendelea, nimeshafungua mdomo. Nikamwambia kwetu mtoto hafungwi, kwetu anayefungwa ni mwizi na mwendawazimu. Aliniacha nimalize. Kisha akaniambia nikae, na kwa miaka ile ya Tatu ndiyo siku pekee aliyonikaribisha barazani.

"Weye mtu wa milimani," akasema, "dungu hulijui."

Nilikuwa nalijua kwa kusikia. Dungu ni kile kibanda cha bondeni kinachosimama juu ya miti mirefu katikati ya mpunga. Maji yakijaa yanapita chini, na ndani ya maji kuna mamba na kiboko. Watu wanahamia huko msimu mzima, wanalala juu, wanapika juu. Mtoto akianza kutambaa, mama yake anachana kanga, anamfunga kiunoni, anamfunga kwenye nguzo ya dungu, ndipo anapoweza kusimama kufukuza ndege. Wote wa bondeni wamekua hivyo. Hakuna anayeona ajabu.

"Wanangu wote nimewafunga," akasema. "Wote wazima, kila mtu yuko kwake."

Mjini walikuwa wanasimulia kwamba aliwahi kupoteza mtoto majini, ndiyo maana akawa na wazimu ule wa kamba. Kwa hasira nilizokuwa nazo nikamuuliza palepale. Akacheka, kitu alichokifanya mara chache sana. "Watu wa Kibiti wanapenda kulia. Hakuna wangu aliyekufa maji. Aliyekufa maji ni wa mtu asiyefunga."

"Lakini hapa hakuna maji, bibi."

Akanyoosha kidole kuelekea barabarani. Lori la saruji lilikuwa linapita, vumbi likatuingia mpaka barazani, na ungo ukatikisika mapajani mwake. "Lile ni nini?" akauliza. Mpaka leo natafuta jibu.

Kiwandani niliwahadithia wenzangu nikitarajia watashika vichwa. Wakanicheka. Kumbe wote walikuwa wanajua. Mmoja, mama wa Cherehani huyohuyo, aliyekuwa anakuja kubangua msimu ukikolea, akaniambia, "Na wewe usijitie kushangaa. Kuku mgeni hakosi kamba mguuni." Nilimwambia kuku ni kuku, wangu ana jina. Wakazidi kucheka.

Nikaenda kwa mwenyekiti wa kitongoji. Alinipokea vizuri, akanipa kiti, akanisikiliza. Nilipomaliza akaniambia, "Mama Tatu, mjukuu wangu yuko nguzo ya pili." Halafu akaongeza, kama mtu anayetoa sifa, kwamba yeye mwenyewe alifungwa mpaka alipoota magego. Nikamtazama, mwenyekiti mzima, ana mihuri, ana baiskeli mpya. Nikashindwa hata kukasirika.

Nikampata dada mmoja wa ustawi wa jamii. Huyu alielewa. Alisema kumfunga mtoto ni kosa, alisema mtoto anahitaji kutambaa na kushika vitu ili akili ichangamke, na kila alichosema kilinichoma kwa sababu nilikuwa nakijua tayari kwa macho. Nikamuuliza, basi tufanyeje? Akafikiri. "Nikimzuia asilee," akasema, "hao watoto kesho watakuwa wapi?" Aliniuliza mimi, na uso wake ulionyesha kwamba anauliza kweli, anasubiri nimwambie.

Kulikuwa na shule ya awali yenye geti na simba kachorwa ukutani, lakini pale hawapokei mtoto asiyejua kusema anataka choo. Tatu alikuwa hajasema hata mama. Mwenzangu mmoja alimpeleka wake kwa bibi yake huko kijijini Mtunda, akawa anamwona Ijumaa kwa Ijumaa, na mtoto akaanza kumkimbia mama yake. Nilipiga simu kwa baba Tatu. "Si yuko mzima?" akauliza. Nikasema mzima. "Sasa?" Nyuma yake nilisikia injini inanguruma, nikamtakia safari njema.

Basi nikafanya la mtu mwenye hasira na asiye na njia, nikamchukua Tatu nikaenda naye kazini. Nilimficha kwenye tenga, nyuma ya magunia. Siku ya kwanza alilala. Siku ya pili alilala. Ya tatu aliokota ganda akalitia mdomoni. Midomo ilivimba, ngozi ikatoka vipandevipande, akawa hawezi kunyonya. Msimamizi hakunifokea, alinionyesha mlango tu, akaniambia nirudi mtoto akiwa amepata pa kukaa.

Nilipomrudisha kwa Mlezi, midomo ilikuwa bado ina madoa. Nilisimama kwenye ngazi nikisubiri anisimange, kwa maana haki alikuwa nayo yote. Aliitazama ile midomo, akanitazama mimi. "Korosho amerudi," akasema, akampokea. Jioni nikamkuta amepakwa mafuta ya nazi mdomoni, mengi, mpaka yanatiririka kidevuni.

Sasa mtu wa namna hii utamweka fungu gani? Homa ilimkamata Tatu mchana mmoja mimi nikiwa kazini. Mlezi aliwaacha wenzie kwa jirani, akambeba Tatu mgongoni, akatembea naye juani mpaka kituo cha afya. Mtu mmoja alipotaka kupita foleni alimrudisha nyuma kwa maneno ambayo wauguzi waliyasimulia wiki nzima. Nilipofika nikakuta dripu imetundikwa na mtoto amelala kifuani pake. Nikanyoosha mikono nimchukue. "Ngoja," akaniambia bila kuinua macho. "Ndiyo kwanza amelala." Nikasubiri ruhusa ya kumshika mwanangu wa kumzaa.

Na alipopona, akarudi kwenye nguzo. Ningempenda moja kwa moja ningepumzika. Ningemchukia moja kwa moja ningepumzika vilevile. Nilikuwa nambusu mtoto pale kwenye ngazi, kisha namwambia yule mama, "Ahsante bibi," na nilikuwa sisemi uongo.

Nyumbani ndiko kulikonimaliza. Tatu alianza kutembea, akachelewa, lakini akaanza. Uani kwetu kuna nafasi na hakuna lori. Namfungulia mlango, anatoka, anatembea kidogo, halafu anasimama. Hakuna kitu kimemshika. Anasimama palepale, umbali uleule wa kipande cha kanga, anakaa chini. Nachuchumaa kwenye ua namwita, "Njoo, Tatu. Njoo kwa mama." Ananyoosha mikono yote miwili, analia, haji. Inabidi niende mimi. Nilifanya hivyo jioni nyingi, namwita nikijua haji, kisha namfuata.

Nikamweleza Mlezi, safari hii kwa adabu, baada ya shikamoo na habari za kuamka. "Ataacha," akasema. "Wote wanaacha."

"Wakifika umri gani, bibi?"

"Miye sikumbuki umri. Siku moja unatazama, hayupo."

Kesho yake asubuhi, nilipomkabidhi Tatu, nilikuta kipande kipya kinamsubiri. Mlezi alikuwa ameunga kanga mbili kwa mkono, mshono wa karibukaribu, wa mtu aliyejitahidi, ili Korosho afike mpaka kwenye mlango. Nikamshukuru. Nilimshukuru kutoka moyoni, mimi, kwa mwanangu kuongezewa kamba. Nikaenda kazini nikabangua korosho vibaya siku nzima, nikavunja nyingi, na sikuweza kumweleza mtu nina nini.

Alikuwa na maneno yake mengine ambayo nayakumbuka nikiwa napika. Mama akichelewa jioni akaanza kujieleza, alimkata: "Mtoto hajui foleni, anakujua wewe." Mtu akilalamika kwamba mtoto wake amekonda, alisema, "Mlaze kwako siku saba, umnenepeshe." Alikuwa hodari wa kutuonyesha mahali tuliposhindwa, lakini yeye akiulizwa kwa nini asiweke ua wa miti mbele ya baraza watoto wakatambaa huru, alisema ua ni wa watu wenye ardhi, na kile kipande mbele ya nyumba si chake, ni hifadhi ya barabara. Ilikuwa kweli. Nguzo za baraza zenyewe zilikuwa na alama nyekundu ya X, ile ya kubomolewa.

Tatu sasa yuko shule. Anaongea, anasoma, anakimbia na wenzake. Wakati mwingine wakiwa wote wanatoka namwona anasimama mlangoni kwanza, anatazama, ndipo anakwenda. Mwalimu wake anasema ni mtoto mwangalifu. Labda ni hivyo tu, labda angezaliwa Dar es Salaam kwenye nyumba yenye bustani angekuwa vilevile. Sina njia ya kujua, na hilo nalo nimeshaacha kulilia.

Mwaka huu nimejaliwa wa pili, Hamisi. Likizo ya uzazi sisi wa korosho hatuna. Hamisi alipoanza kutambaa nikamfunga mgongoni asubuhi moja, nikavaa nguo za kazi, nikaenda kwa Mlezi. Nilikuwa nimesikia kwamba ameacha kulea, nikadhani ni maneno ya watu. Nikamkuta pale barazani kwenye kigoda. Baraza tupu, mkeka umekunjwa, umeegemezwa ukutani.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba. Nani mwenzangu?"

Nilikuwa nimesimama mbele yake, juani. "Mama Tatu."

"Korosho," akasema, na uso wake ukafunguka. Akaniambia nipande. Nikapanda nikakaa, hakuna aliyenizuia. Macho yake yalikuwa na utando kama maziwa. Nikamshusha Hamisi, akampapasa, kichwa, ufizi, mgongo. "Wa kiume. Anatambaa?"

"Ameanza juzi."

"Basi taabu imekufikia."

Nikamweleza haja yangu. Alitikisa kichwa kabla sijamaliza. "Macho, mwanangu. Nakuona weye kivuli tu. Wenzio wote nimewarudishia watoto wao. Yule mjukuu mdogo wa mwenyekiti pia."

Nikamwambia nitamletea maji, nitampikia uji kabla ya kwenda kazini. Akakataa. Nikamwambia ni mpaka msimu wa korosho uishe tu. Akakataa. Ndipo nikatia mkono kwenye mfuko wa nguo ya kazi nikatoa nilichokuja nacho, kanga yangu, nimeshaichana nyumbani na kuipinda ncha. Nikamwekea mkononi.

"Utamfunga, bibi," nikasema. "Mimi sitasema neno."

Aliupitisha ule ukanda wa kitambaa vidoleni, kutoka ncha mpaka ncha, akauvuta kujaribu nguvu yake. Hamisi alikuwa ameshaanza kujiburura kuelekea kwenye ngazi, nikamrudisha kwa mguu. Mlezi akaikunja ile kanga ndogondogo, akanirudishia mapajani.

"Kanga haichungi mtoto," akasema. "Nilikuwa nachunga miye. Nikimfunga na macho haya, nitakuwa nimemfunga kweli."

Nilitaka kulia mbele yake na machozi hayakuja. Lori likapita, tukasubiri lipite. Hamisi akajiburura tena, na yeye, kwa kusikia tu, akanyoosha mkono amshike kisigino, akakosa, akanyoosha tena akamshika.

"Sasa utampeleka wapi?" akaniuliza.

"Sijui, bibi."

Alitikisa kichwa taratibu, huku amekishika kile kisigino. Naye alikuwa hajui, na saa ya kuingia kazini ilikuwa imeshanipita.